Swali Lililoulizwa kwa Kuutazama Ukuta

Tusajigwe alizaliwa Kasumulu, mpakani, mahali ambapo malori hulala barabarani yakisubiri karatasi zao na mtoto hujua kuvuka lami kabla hajajua kusoma. Baba yake aliuza vitenge na sabuni pande zote mbili za mto Songwe, na shangazi zake wawili wako Malawi mpaka leo. Alipompenda Samsoni, mkulima mpole wa Isumbwe, wenzake walimcheka mpaka machozi. Umezaliwa kwenye lami, walimwambia, na sasa unakwenda kuolewa kwenye tope!

Hawakumsingizia. Isumbwe iko mbele ya Talatala ukielekea Ziwa Nyasa, na ni kijiji chema: mpunga unanukia, kakao inazaa, migomba haina hesabu. Ila mvua ya Kyela hainyeshi, inamwagwa. Ikifika mwisho wa Machi, barabara ya Isumbwe hujisahau kabisa kuwa ni barabara, na kwenye bonde lililo kabla ya kijiji maji hukaa kama yamejengewa nyumba. Tusajigwe alilia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alijifunza kuvuka na viatu kichwani, akazoea.

Kilichomchukua muda zaidi kukizoea ni baba mkwe.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na utaratibu wao. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hazungumzi naye, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia shambani mpaka mzee apite. Siku hizi watu wanakula na wakwe zao meza moja na kupiga nao picha, wala hakuna aliyeota pembe. Lakini mama mkwe wake, marehemu Damaris, hakuwa mtu wa kubadilishiwa mambo. Alimfundisha Tusajigwe hatua kwa hatua, kama anavyofundishwa mtu kupika. Damaris alipofariki, Tusajigwe angeweza kuacha na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuacha. Alikuwa amekwisha kuona kwamba heshima ile ina pande mbili, na upande wa pili ulikuwa mzuri.

Maana baba mkwe, Mzee Hezroni, naye aliilinda. Akija kwao alipiga kengele ya baiskeli tangu kwenye migomba ya jirani, ili mkamwana apate nafasi ya kuondoka bila kukurupuka. Akitoka ziwani aliacha samaki, mbasa mnene, ametundikwa kwenye mgomba karibu na jiko, na yeye mwenyewe ameshapotea. Mwaka ule Tusajigwe alipougua, kila alfajiri alikuta ndoo ya maji mlangoni. Alimshukuru Samsoni, Samsoni akakana. Basi kwa miaka yote ya ndoa yake alimjua baba mkwe kwa kengele, kikohozi na visigino vinavyoondoka, na alimpenda. Shukrani zake alizituma kwa mumewe: mwambie baba ndaga, mwambie baba ndaga fijo, asante sana. Samsoni alichoka kubeba ndaga.

Baadaye watu wa Isumbwe wakamchagua Mzee Hezroni kuwa diwani wao. Walimchagua kwa sababu ni mkarimu na hana maneno ya kuudhi, na mkarimu asiye na maneno ya kuudhi ndiye waliyempata. Kila mkutano aliulizwa kuhusu barabara, kila mkutano alisema ipo kwenye mpango. Watu wakapiga makofi, wakarudi nyumbani na viatu kichwani.

Aprili ya mwaka juzi, Kisa, binti mkubwa wa Tusajigwe, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Hakuna gari lililoweza kufika. Vijana walimbeba juu ya kitanda cha kamba, na walipofika bondeni maji yakawa ya kifuani, wakasita, na wakati wanasita mtoto akazaliwa palepale ukingoni, juu ya majani ya mgomba, mvua ikimpiga. Mtoto alilia vizuri. Mama yake ndiye aliyenyamaza, damu zikimtoka. Walimvusha wameinua kitanda juu ya vichwa, na upande wa pili wakapata gari, na hospitalini wakaambiwa kwamba mngechelewa kidogo tu. Tusajigwe hakutaka kusikia mwisho wa sentensi ile. Mtoto wakamwita Anyitike, yaani Mungu ameitika.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Septemba, Kisa alimnong'oneza mama yake kwamba ana mimba nyingine. Tusajigwe alifurahi kwa mdomo. Kwa vidole alikuwa anahesabu miezi, na vidole vilipofika mwisho, vilikuwa Aprili.

Ndipo ikaja habari kwamba watu wa wizara wanazunguka kukusanya maoni ya sera ya taifa ya uchukuzi, na kwamba watakuwa na mkutano Kyela mjini, Mbugani, kwenye ukumbi wa kanisa. Kila kata ipeleke msemaji wake. Wana Isumbwe wakakutana kwenye ghala la kakao. Mwenyekiti wa kijiji, Israeli, akasema msemaji awe Tusajigwe, kwa kuwa yeye ndiye anayeongoza nyimbo za wanawake misibani na sauti yake haihitaji kipaza sauti. Watu wakakubali kwa kelele. Ghala zima, wazee kwa vijana, halikuwa na mtu hata mmoja aliyekumbuka kwamba diwani atakuwepo ukumbini na kwamba msemaji wao hapaswi hata kumtazama. Lakini wangekumbuka ya nini? Swali lilikuwa la Dodoma, na Dodoma hakuna baba mkwe wa mtu wa Isumbwe.

Siku ya mkutano madiwani walikaa mbele. Tusajigwe akakaa nyuma kabisa, kando ya nguzo, pale ambapo hawezi kuona viti vya mbele. Mtaalamu aliyetoka wizarani alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Felista, msikivu, anayeandika mwenyewe badala ya kumwachia katibu. Zamu ya Isumbwe ilipofika, Tusajigwe alisimama.

"Shikamoo, mama," alianza, ingawa huenda walilingana umri. "Mimi nina swali moja. Mnatuambia sera ya taifa inataka kila mwananchi afike hospitali na sokoni. Sisi wa Isumbwe tuko taifa gani?"

Ukumbi ukacheka. Bi Felista hakucheka. Alifungua kompyuta yake, akatafuta, akasoma.

"Mama, fedha za barabara hugawanywa kwa kuangalia magari yanayopita. Barabara yenu ilihesabiwa. Ilionekana haina magari, kwa hiyo ikawekwa nyuma."

"Ilihesabiwa lini?"

"Aprili ya mwaka jana."

Safari hii ukumbi ulilipuka. Waliotoka kando ya ziwa walipiga mapaja. "Aprili!" alisema Tusajigwe. "Mama yangu, Aprili kwetu hata bata anaomba msaada wa kuvuka!"

Bi Felista alisubiri kelele zitulie. "Nimekuelewa," alisema, "na sisi tulipaswa kulijua hilo. Lakini waliohesabu hawakuwa peke yao. Walipokelewa na kutembezwa na mwakilishi wenu, naye ndiye angewaambia warudi kiangazi. Mheshimiwa diwani wa Isumbwe yupo? Mama, mwulize yeye."

Kiti cha mbele kikakwaruza sakafu. Mzee Hezroni alikuwa anasimama.

Tusajigwe hakuamua lolote. Miguu yake ndiyo iliyoamua. Kufumba na kufumbua alikuwa amevuta kitenge kichwani, amegeuka, pua yake imeelekea ukutani na mgongo umewaelekea waheshimiwa wote. Kicheko kikakatika. Wenyeji walielewa, na walipoelewa waliona mara moja ujinga walioufanya ghalani. Israeli alijishika kichwa.

"Mama, mbona unampa mgongo kiongozi wako?" Bi Felista aliuliza, na sauti yake ilionyesha kwamba ameudhika. Atupele, mtendaji wa kata, binti mwepesi wa akili, aliinuka haraka akamnong'oneza. Bi Felista akasikiliza, akatikisa kichwa taratibu. "Samahani sana. Sikujua. Basi akae, tumpe mwingine aulize."

Israeli akaanza kuinuka. Na hapo Tusajigwe, akiwa anautazama ukuta, alijua kitakachotokea kama vile kimekwisha kutokea. Israeli angesema tunashukuru kwa ujio wenu, barabara ni changamoto, tunaomba mtukumbuke. Mzee angejibu kwamba ipo kwenye mpango. Makofi. Kisha Aprili ingekuja, na Kisa angepandishwa tena kwenye kitanda cha kamba. Angekaa, hakuna ambaye angemlaumu. Angeuliza, angekuwa mkamwana aliyemhoji baba mkwe mbele ya umati, jambo ambalo Damaris kaburini asingelisamehe.

"Sikai," aliuambia ukuta. "Atupele, simama katikati hapo. Niulizie."

Atupele akasimama katikati. Watu wakashusha pumzi.

"Muulize mzee: waliokuja kuhesabu, nani aliwapokea?"

Atupele akageuka, akarudia swali neno kwa neno, ingawa ukumbi mzima ulikuwa umelisikia. Mzee Hezroni naye, kwa heshima ile ile, alikuwa ameelekea dirishani, anaongea na mwembe wa nje.

"Mwambie ni mimi."

"Waliona nini?"

"Mwambie waliona maji. Waliona pia bodaboda moja, imebebwa mabegani na vijana wanne. Hawakujua waiandike kuwa gari au mzigo."

Watu walijaribu kutocheka wakashindwa. Hata Bi Felista aliinamia karatasi. Tusajigwe alisubiri.

"Muulize: aliwaambia warudi maji yakikauka?"

Atupele hakuona haja ya kurudia.

"Mwambie sikuwaambia," alisema Mzee Hezroni.

"Kwa nini?"

"Mwambie..." Mzee akakohoa. Kilikuwa kikohozi kile kile ambacho Tusajigwe amekisikia maisha yake yote ya ndoa, na kilimuuma. "Mwambie walikuwa wageni. Walifika kwangu wamelowa mpaka kiunoni, mmoja amepoteza kiatu. Nikawapa nguo kavu, nikawapikia wali na mbasa, wakashukuru sana. Sasa mgeni amekula kwako, ameshukuru, unamwambiaje kwamba amekuja siku mbaya, kazi yake ni bure? Niliona haya. Nikasema nitawapigia simu baadaye. Baadaye ikapita."

Anayetufahamu sisi watu wa Kyela anajua kwamba mzee hakudanganya hata neno moja. Mgeni akikukanyaga, wewe ndiye unayeomba radhi. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimewekwa nyuma ya foleni kwa sababu ya haya ya mtu mmoja mwema, na sasa lilikuwa limesemwa wazi.

Tusajigwe akavuta pumzi. "Mwambie mzee," alisema, na sauti ile ya misibani ikashuka chini, "mwezi ule ule aliowaonea haya wageni, Kisa alivushwa maji juu ya vichwa vya watu. Muulize, haya yake aliilipa nani?"

Atupele alifungua mdomo, akaufunga. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Usirudie, mwanangu," Mzee Hezroni alimwambia. "Nimesikia. Aliyelipa ni mjukuu wangu." Kisha akageuka kutoka dirishani, akamtazama Bi Felista. "Nimekosa mimi. Naomba mrudi mhesabu sasa, kabla ya mvua. Nitakaa nanyi hapo barabarani tangu kukicha mpaka kuchwa mkitaka. Na mkija siku mbaya, safari hii nitawafukuza."

Watu walipiga makofi, lakini makofi ya namna nyingine. Bi Felista akaandika kwa muda mrefu. Alisema ataomba hesabu irudiwe, na kwamba kwenye maoni ya Isumbwe ataweka neno lake mwenyewe: panapofurika, wahesabiwe na wanaotembea na wanaobebwa, maana nao wanasafiri. Halafu akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti, akaja mpaka ukutani. "Asante kwa kutokukaa," alimwambia Tusajigwe.

Usiku ule Tusajigwe hakula. Alimwambia Samsoni kwamba anaogopa. "Ukuta ndio ulioniponza," alisema. "Kama ningemwona uso, ningenyamaza. Sikumwona, basi yakatoka yote."

"Ukuta ndio uliotusaidia," alijibu Samsoni, mtu wa maneno machache. "Hata mimi mwanawe nisingeweza."

Siku kadhaa kengele ya baiskeli haikusikika. Tusajigwe alipika akiwa ametega sikio, akajuta, akaacha kujuta, akajuta tena. Kisha asubuhi moja alitoka jikoni, akakuta mbasa kwenye mgomba. Walikuwa wawili. Alikaa chini kwenye majivu akalia kwa raha, mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani.

Hesabu ilirudiwa mwezi ule ule, vumbi likiwa bado linafuka. Mzee Hezroni alipeleka kiti chake njia panda kabla jua halijatoka, na inasemekana aliwachosha wale vijana wa kuhesabu kwa kuwapigia kelele: Noah hiyo, andika! Fuso ya kakao hiyo, andika! Yule mama na mkungu wa ndizi kichwani, mmemwandika? Hakuwapikia. Kila mmoja alijinunulia maandazi yake. Kisha alianza safari za ofisi za wilaya, na kila aliporudi alipita ghalani kueleza alichoambiwa, hata pale alipoambiwa asubiri. Jambo hilo lilikuwa geni. Watu walizoea kusikia kwamba ipo kwenye mpango, na sasa walikuwa wanasikia mpango wenyewe uko meza ya nani.

Greda lilikuja Desemba. Bonde likainuliwa kwa kifusi, makalavati makubwa yakalazwa chini, wanawake wakawapelekea mafundi ndizi za kuchoma bila kuombwa. Kazi haikufika mpaka mwisho wa kijiji. Iliishia kwenye kona ya ghala, fedha zikakata, greda likaondoka. Lakini bonde lilikuwa limepitika.

Aprili ikaja na mvua zake zote. Uchungu ulimshika Kisa asubuhi, wakati maji yanashuka kutoka mbinguni bila hata kuchagua pa kuangukia. Tusajigwe alimpigia simu Lazaro, dereva wa bajaji, akiwa hana hakika kama kweli bajaji itafika. Samsoni alikuwa amekwenda Kasumulu kuuza mchele. Lazaro akasema yuko njiani, ana abiria mmoja tu.

Bajaji ikaingia uani. Abiria alikuwa Mzee Hezroni, amevaa koti la kikao, anakwenda halmashauri. Alipoona jinsi mambo yalivyo, alishuka upande wa pili, akasimama kwenye mvua, amewapa mgongo, anatazama migomba. Tusajigwe akampandisha binti yake, akapanda, akafunika turubai. Lazaro akaanza kugeuza.

"Mama," alisema Kisa, meno yameuma kitenge, "babu analowa."

"Nyamaza, pumua."

"Mwite apande."

"Kisa, unajua siwezi."

"Mimi nazaa hapa, nyie mnaoneana haya!" Kisa alipiga kelele, na kwa kuwa mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu na kumwita mume hata katikati ya uchungu, akaongeza: "Mwite mume wangu apande, la sivyo nazalia hapahapa!"

Lazaro akasimamisha bajaji. Mvua ilikuwa inagonga turubai. Tusajigwe akainua pembe yake, akachungulia nje, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamtazama baba mkwe wake usoni. Alikuwa amegeuka aliposikia kelele za mjukuu. Alikuwa mzee kuliko alivyodhani. Maji yalikuwa yanamchuruzika puani, na macho yake yalikuwa na hofu ile ile aliyokuwa nayo yeye.

"Pandeni, baba," alisema Tusajigwe, kwa wingi wa heshima. "Mvua inawanyeshea."

Mzee Hezroni alipanda, akajibana mbele kando ya Lazaro. Bajaji ikatoka. Walipita ghalani, wakaanza kushuka bondeni, na Tusajigwe akamkumbatia Kisa, akafumba macho kwa mazoea. Alisubiri kuteleza. Hakukuwa na kuteleza. Alipofumbua macho, maji yalikuwa chini yao, yanapita kwenye makalavati kwa kishindo, yanakwenda ziwani, na wao wanapita juu, wakavu. Akaanza kusema ndaga. Alisema ndaga kwa Mungu, kwa mafundi, kwa yule mama wa Dodoma, ndaga fijo, ndaga fijo, mpaka Kisa akamwambia anyamaze kidogo. Kisha akaegemea mbele, karibu na lile koti lililolowa.

"Ndaga, baba," alisema, kwa mdomo wake mwenyewe.

Mzee hakugeuka. Walimaliza bonde, wakaikuta barabara ya mji.

"Kipande cha baada ya ghala bado," alisema hatimaye, anatazama mbele. "Mkutano ujao uniulize."

"Nitauliza, baba."

"Uniulize usoni."